Namsaidia Tu

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai naiacha ipoe. Nilikuwa bado kijana, nina nguvu zangu, na nilikuwa nimesimama juu ya jukwaa la mbao huko Kimara, nainua kona ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Jua lilikuwa kali. Mume wangu alikuwa barabarani akibishana na mtu aliyeleta mchanga, maana gari la mchanga likija pungufu nawe ukanyamaza, safari ijayo linakuja pungufu zaidi. Mimi mkono mmoja nimeshika mwiko, mkono wa pili nimeshika timazi, ile kamba yenye chuma mwishoni, naangalia kama kona yangu imesimama wima. Ndipo yule mwalimu akaniuliza swali jepesi kabisa, nami nikamjibu kwa maneno mawili tu. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonigharimu, na ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulipokuja kunijulia hali hapa Gongo la Mboto ulinifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Ulinionyesha kwenye simu yako vigae ulivyopanga katika nyumba ya watu. Nilivitazama kwa muda mrefu, ukadhani macho yangu hayaoni. Yalikuwa yanaona sana. Mistari imenyooka, pembe zimekutana, na pale chini ya sinki ambapo mafundi wengi huficha uvivu wao, wewe hukuficha kitu. Nikakuuliza wateja wanakupataje. Ukacheka, ukasema, "Mama mkubwa, simu anapokea kaka Idi. Wakisikia sauti ya kike wanaogopa. Idi anajiita fundi, mie naenda kupiga kazi. Ishu si kazi ifanyike?"

Nami nikacheka, kwa adabu. Ulipoondoka sikuendelea kucheka. Nilikaa uani mpaka mboga ikaungua, na mimi si mtu wa kuunguza mboga.

Sasa nisikilize. Mimi sikusomea ujenzi kama wewe ulivyosomea chuoni. Niliingia saiti kama walivyoingia wanawake wengi wa rika langu, na bakuli la chakula kichwani. Marehemu Rashidi, mume wangu, alikuwa fundi wa nyumba, na mimi nilikuwa nampelekea ugali mchana. Kutoka kupeleka ugali nikawa nachota maji. Kutoka maji nikawa nachanganya saruji na mchanga. Siku moja vibarua hawakutokea, Rashidi akanipa mwiko, akasema kwa utani, "Haya, mke wangu, tuone kama ukuta nao unapikika." Tofali zile za kwanza zilinichubua vidole vyote. Lakini zilikaa vizuri, na yeye aliona kwamba zimekaa vizuri.

Wewe ni mtu wa vigae, labda habari za ukuta huzijui sana, acha nikueleze. Nyumba ya tofali huanza kwa kuinua kona. Kona zikishasimama, kamba inavutwa kutoka kona hii hadi ile, na wengine wote wanajaza tofali kwa kufuata kamba. Kujaza hakuhitaji kichwa kikubwa. Kona ndiyo inayotaka subira, maana ukiikosea kidogo chini, juu unakuwa umeharibu nyumba ya mtu. Rashidi, Mungu amrehemu, alikuwa na kila kitu isipokuwa subira hiyo. Alijua kuongea na watu, alijua kuchagua saruji, mbao na nondo, alijua kumtuliza mwenye nyumba aliyekasirika. Kona zilimchosha. Mimi zilinipendeza, sijui kwa nini. Basi pole pole, bila kukaa chini tukakubaliana, kona zikawa kazi yangu.

Na jina? Jina lilibaki la Rashidi. Watu wakiulizana, "Nyumba hii amekujengea nani?" jibu lilikuwa "Fundi Rashidi." Mimi pale saiti kila mtu aliniita shemeji. Shemeji leta maji, shemeji angalia kona ile, shemeji chakula kimeiva? Nilikuwa shemeji wa mafundi, na kwa wenye nyumba nilikuwa mke wa fundi. Sikuona ubaya wowote. Nikuambie kweli, nilijisikia vizuri.

Turudi Kimara. Yule mwalimu aliitwa Skola, mama mmoja wa kutoka Songea, mnene, wa sauti ya chini. Kila siku alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa kivulini, analinda saruji yake. Wala hakuficha. Alisema saruji ya Dar ina miguu, na yeye hana mbio za kuikimbiza. Wenzangu walimchukia kidogo kwa ajili hiyo. Mimi nilimpenda, kwa sababu alikuwa akinikatia kipande cha muhogo wake bila kuniuliza kama nina njaa.

Siku hiyo akaniita kutoka chini, "Binti, hivi fundi wa nyumba hii ni nani?"

Nikamjibu, "Si ni mume wangu, mwalimu. Mie namsaidia tu."

Hakuondoa macho kwangu. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote. Mtoto anayeandika na mtoto anayenakili nawajua bila kuambiwa. Tangu msingi umalizike sijamwona mumeo akiinua kona hata moja. Unamsaidiaje mtu kazi ambayo yeye haifanyi?"

"Ndiyo heshima ya ndoa, mwalimu," nikasema.

"Heshima ni sawa, mpe. Lakini siku asipokuwepo utamsaidia nani?"

Mwanangu, nilihisi damu inanipanda kichwani. Pale kwetu mtu hatajiwi mwisho wake akiwa mzima, tena mchana kweupe, tena yuko hapo barabarani anagombana na mtu wa mchanga. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa na adabu hata kidogo, "Usituchurie, mwalimu." Hamisi, fundi mwenzetu aliyekuwa akijaza tofali upande wa pili, mtu mzima mwenye mke na watoto wake, akaguna na kutikisa kichwa kuniunga mkono. Mwalimu Skola hakukasirika. Alivuta kiti chake, akakigeuza upande mwingine kufuata kivuli, akakaa. Muhogo siku hiyo hakunipa.

Jioni tukitembea kwenda nyumbani Rashidi akaniambia, "Nilikuwa narudi kutoka barabarani, nikamsikia yule mwalimu. Mbona hukumwambia tu ukweli?"

"Nikuaibishe mbele za watu?" nikamjibu.

Tulipofika kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo kando ya njia akasimama, akaninunulia ya kutosha, na pilipili juu, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya. Nilimwona kwamba amefurahi, na mimi nikafurahi kwa sababu yeye amefurahi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Usimchukie Rashidi kwa ninayokusimulia. Hakuninyang'anya kitu. Nilimpa mwenyewe, kila siku, kwa mdomo wangu, na yeye alipokea kama mtu anavyopokea maji kutoka kwa mkewe.

Tukaendelea hivyo. Tulijenga Kimara, tulijenga Kinyerezi, tulijenga Ukonga, tulijenga hapa hapa Gongo la Mboto. Kila mwenye nyumba mpya aliyeniuliza nilimjibu lile lile. Ilifika mahali likawa linanitoka lenyewe kama salamu. Shikamoo, marahaba, fundi ni mume wangu, mie namsaidia tu.

Halafu Rashidi akaanza kukohoa. Mwanzo tulisema ni vumbi la saruji. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akaenda hospitali akapewa dawa, akarudi kazini kabla hajapona kwa sababu nyumba ya watu ilikuwa inangoja. Wakati huo tulikuwa tunajenga Chanika, kwa bwana mmoja mfanyabiashara wa vipuri vya magari, na ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Rashidi alikuwa anakaa chini kwenye mbao, anapumua kwa shida, anaongea na wateja kwa simu, na mimi niko juu naendelea. Mvua za masika zilipoanza hakuweza tena kutoka kitandani. Hakuzimaliza mvua hizo.

Nikakaa eda. Wewe unaijua, mwanamke anatulia nyumbani kwake, hatoki kwenda huku na huko mpaka muda wake uishe. Sikunung'unika, nilitaka kumlilia mume wangu na nikamlilia. Lakini simu yake ilikuwa pale, nimeiweka kwenye mto wake, na ilikuwa inalia.

"Naongea na fundi Rashidi?"

"Mie mkewe. Rashidi amefariki, baba."

"Innalillahi! Pole sana, mama. Pole sana." Kisha anashusha sauti. "Basi, haina neno. Pole." Simu inakatika.

Ilikuwa hivyo, simu baada ya simu. Watu wenye viwanja, watu wenye tofali zimeshapangwa uani, watu waliokuwa wameona kona zangu kwa jirani yao na kuzipenda. Hakuna hata mmoja aliyesema, basi njoo wewe. Wangesemaje na hawakujua kama nipo? Mimi nami sikuwahi kusema, nikitoka eda nitakuja. Nililijaribu neno hilo peke yangu chumbani, mwanangu, nikaliona halikai mdomoni. Halafu simu ikapunguza kulia, halafu ikanyamaza.

Eda ilipoisha nilivaa gauni langu la kazi na suruali ndani, nikachukua mwiko wangu na timazi, nikaenda Chanika. Nilijipa moyo njiani. Nilijiambia, ile nyumba ni yangu, tofali la kwanza la kila kona nimeweka mimi, wataniacha wapi? Nilifika nikamkuta Hamisi yuko juu ya jukwaa, amesimama pale pale ninaposimamaga mimi. Tajiri mwenye nyumba naye alikuwepo.

"Mama Zuhura! Pole sana na msiba," akasema. "Karibu."

"Ahsante, baba. Nimekuja kuendelea na kazi."

"Kazi gani tena, mama?"

"Nyumba yako. Kona zote hizi nimeinua mie."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kukuambia alikuwa mbaya, ingenisaidia. Alinihurumia, nikaiona huruma hiyo usoni mwake, na akaongea taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Mama, mie siku ya kwanza nilikuuliza mwenyewe. Marehemu amesimama hapo, wewe umesimama hapa. Ukaniambia unamsaidia tu. Sasa leo nimwamini yupi, wewe wa leo au wewe wa siku ile?"

Nikamgeukia Hamisi, nikainua sauti, "Hamisi, wewe si unajua? Mwambie."

Hamisi alishusha macho. Akafuta mwiko wake kwenye tofali, upande huu, upande ule, ukawa safi na bado anaufuta. Kisha akasema, "Shemeji, mie niseme nini? Wewe mwenyewe hukuwahi kusema. Marehemu hakuwahi kusema. Mie nani hata nimvunjie heshima mtu aliye kaburini?" Na alipoona nimesimama tu, siondoki, akaongeza kwa upole, "Kama unataka kibarua, nafasi ya kubeba zege ipo."

Niliumia, mwanangu. Niliumia kuliko siku ya mazishi, na kwa hilo namwomba Mungu anisamehe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenidhulumu. Ningepata wa kumlaani ningelala. Kila mmoja pale alikuwa amesema kweli kama alivyoijua, au kama nilivyomfundisha mimi kuijua.

Binti yetu Zuhura alikuwa mdogo, kodi ilikuwa inadaiwa, na unga ulikuwa umekwisha. Nikaweka timazi langu ndani ya mfuko, nikachukua ndoo. Nikambebea Hamisi zege kwenye kona yangu mwenyewe, na jioni ile ile alinilipa kama alivyowalipa vibarua wengine, bila kunipunja. Nikabeba Chanika, nikabeba Pugu, nikabeba kila alikopata kazi. Baadaye nilipata vikazi vyangu vidogo kwa wanawake wa mtaani waliokuwa wananijua: choo cha nje, karo la maji machafu limepasuka, ukuta umeingia ufa. Walinilipa, walinishukuru. Nyumba nzima sikupewa tena na mtu yeyote. Mpaka magoti yaliponikatalia, sikusimama tena kwenye kona ya nyumba nikiambiwa, haya, fundi, anza.

Ungedhani yameishia hapo. Mimi nami nilidhani hivyo. Mwaka huu Zuhura alikuja na wanawe kutoka Mbagala, tukaenda kwenye harusi Ukonga. Tukirudi kwa miguu tukapita mbele ya nyumba moja ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka. Wameiongezea varanda, wameipaka rangi ya maziwa, lakini kona ni zile zile. Nilizitambua kama unavyotambua mwandiko wako. Kabla sijasema kitu Zuhura akawaambia watoto, "Mnaiona nyumba ile? Alijenga babu yenu. Babu alikuwa fundi hasa, Dar nzima walikuwa wanamjua."

Yule mdogo, mwenye maswali, akauliza, "Na bibi?"

"Bibi," Zuhura akasema, akanishika bega, na sauti yake ikawa imejaa mapenzi, "bibi alikuwa kibarua. Alibeba zege mpaka magoti yakaisha ili mie nisome. Mumheshimu sana bibi yenu."

Watoto wakanitazama kwa heshima. Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, mwanangu, hizo kona ni zangu, mimi ndiye niliyeziinua na baba yako anajua. Nikamwona uso wake. Baba yake alimwacha akiwa mdogo, hakumbuki hata sauti yake, alichonacho ni nyumba hizi tu. Akipita anazionyesha, ndivyo anavyokuwa na baba. Nikizichukua leo nitakuwa namnyang'anya mtoto baba, namnyang'anya marehemu sanda, na wao watasema bibi anazeeka vibaya. Nikafunga mdomo. Nikawaambia wajukuu zangu, "Ni kweli, babu yenu alikuwa fundi." Tukaendelea kutembea, na yule mdogo akanipokea mkoba wangu ili nisichoke.

Ndiyo maana mboga yangu iliungua siku ile uliyokuja. Wewe una mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo mimi, na chuo umekwenda, na bado nasikia maneno yangu kinywani mwako. Sikuambii ugombane na kaka yako. Idi ni mtoto mzuri, anakupenda, na mteja anayekata simu akisikia sauti ya mwanamke yupo kweli, sikudanganyi kwamba atakwisha kesho. Baadhi watakata. Utakosa kazi fulani kwa ajili ya jina lako, utalala na mawazo, na hakuna wa kukufidia. Hilo nalijua, na bado nakuambia.

Ukweli wa kazi yako useme wakati mwenzio yupo hai, yupo pembeni yako, anasikia. Mteja akifika usimwache Idi aongee peke yake. Simama hapo, sema, mie ndiye ninayepanga, na Idi aseme ndiyo, huyu ndiye fundi, mbele ya mteja, mbele ya vibarua, mbele ya mtu yeyote aliyepo. Aseme kwa mdomo wake akiwa mzima na akitabasamu. Hapo haijawa aibu kwa mtu, ni maneno ya ndugu wawili. Ukingoja mpaka asiwepo, maneno yale yale yanageuka wizi. Mimi leo nina shahidi mmoja makaburini na mwingine alishusha macho akafuta mwiko. Wa tatu alikuwa mwalimu Skola, na huyo nilimnyamazisha mwenyewe.

Na ukiolewa, mwanangu, mumeo umpe heshima yake yote, umpikie, umfiche aibu zake. Kazi ya mikono yako usimpe. Ukimpa, atakayekuja kuikosa ni mtoto wenu.

Nenda sasa, usije ukachelewa kazini. Mungu akulindie magoti yako na mgongo wako, akukinge na vumbi lisikae kifuani mwako. Akupe wateja wenye masikio. Kaka yako ampe umri mrefu, aishi akushuhudie mpaka nywele zenu nyote ziwe nyeupe. Na siku watoto wako watakaposimama mbele ya nyumba ya watu na kuuliza, Mungu akujalie usiwe na sababu ya kunyamaza. Amina.